Mafungu Matatu ya Teresa

Mke wangu alikuwa anachagua omena, dagaa wa ziwa letu. Akiulizwa kazi yake, hakusema anauza. Alisema, "Nachagua."

Huko Sori watu wengi wanauza omena. Wanaitoa juani, wanaitia kwenye gunia, basi. Teresa aliimwaga juu ya nyavu kuukuu mbele ya jikoni, akafunga leso vizuri, akaketi, akaanza. Mkono wake ulikwenda kama kuku anayedona. Fungu la kwanza ni omena nzima, inayong'aa, haina mchanga. Hiyo ni ya kuliwa na watu. Fungu la pili ni iliyopigwa na mvua, iliyokatika kichwa. Hiyo ni ya kuku. La tatu ni mchanga, konokono, vijiti, na visamaki vingine ambavyo hata sisi hatuvijui jina. Hilo linatupwa nyuma ya choo.

Nasema haya kwa ajili ya wajukuu walioko Nakuru. Hawajui Dholuo, na nyanya yao walimjua akiwa tayari mtu wa maneno machache. Hakuwa hivyo. Mwenye maneno machache ni mimi. Sikwenda shule. Ninasema, binti yetu Beverlyne anaandika. Nimemwambia aandike yote, hata yanayomhusu.

Teresa alitoka Kochia, upande wa Homa Bay. Kwa hiyo hapa kwetu watu wote walimwita Nyar Kochia, binti wa Kochia. Mwaka niliomwoa, Joash fundi wa mashua naye alimwoa Truphena kutoka Kadem. Wanawake hao wawili walikutana ufuoni wakiwa bado wageni, wote wawili wakiogopa mama wakwe. Wakaanza kununua omena pamoja kutoka mashua zinazoingia alfajiri. Wakaanza kula pamoja. Walikuwa na sahani moja ya bati, yenye maua mekundu pembeni. Ugali upande huu, samaki upande huu. Mmoja akichelewa, mwingine hagusi.

"Huyu Nyar Kochia anaanza na samaki," Truphena aliwaambia watu. "Ugali anaukumbuka samaki akiisha. Mimi nimeolewa na Joash, lakini ninalisha huyu."

"Na wewe unakula huku unaongea," Teresa alimjibu. "Ndiyo maana unashiba upepo."

Walizeeka wakirudia maneno hayohayo, na kila siku walicheka kana kwamba ni mapya.

Halafu korona ikaja. Beverlyne alikuwa akitunza vitabu vya sayansi kwenye maktaba ya chuo huko Rongo. Chuo kikafungwa, akarudi nyumbani na sanduku moja na kompyuta. Mtandao kwetu unashika mahali pamoja tu, karibu na zizi la ng'ombe. Nikampigia bati mbili za kivuli hapo. Akaketi. Akaketi asubuhi, akaketi mchana, ng'ombe wanamwangalia.

Nitasema ukweli, niliona haya. Majirani walipita na majembe wakamwona mwanamke mzima ameketi, miguu juu ya jiwe.

"Jaduong', mzee wetu, binti amefutwa kazi?"

Nilijifanya ninakohoa, na mwaka ule kukohoa nako kulikuwa ni matatizo mengine.

Teresa ndiye aliyemwuliza. Tulikuwa hapo sote watatu. Alikuwa amempelekea uji.

"Bevy, nyathina, mtoto wangu, ni sinema hiyo?"

"Ni kazi, Mama."

"Kazi gani ya kukaa?"

"Na wewe si unakaa?"

Teresa alicheka. Akavuta kigoda. "Haya, niambie."

Beverlyne akaeleza. Alisema watafiti wa nchi nyingi wanaandika kuhusu korona, karatasi mpya kila siku, nyingi mno, hakuna daktari anayeweza kuzisoma zote. Daktari akiwa na swali, mashine inamtafutia karatasi. Lakini mashine haijui kama ilichokileta ndicho. Inaweza kuleta karatasi ya popo mtu akiwa ameuliza habari za barakoa. Kwa hiyo wametafutwa watu kama yeye, wanaojua kusoma mambo ya afya. Wanapewa swali, wanapewa karatasi zilizoletwa na mashine, wanasoma moja moja na kuipa alama. Inayojibu swali inapata mbili. Inayogusa kidogo, moja. Isiyohusika, sufuri. Wenye mashine wakiziona alama hizo wanajua mashine ipi inatafuta vizuri, na daktari akiuliza kesho anapata haraka.

Mama yake alikuwa bado ameshika kikombe cha uji. Beverlyne aliona bado hatujaelewa. Akaelekeza kidole kwenye nyavu mbele ya jikoni.

"Ni kama wewe na omena, Mama. Mafungu matatu."

Hapo tukaelewa. Uso wa Teresa uling'aa. Alisimama akaangalia kioo cha ile kompyuta kama mtu anayeangalia mzigo wa mwenzake wa biashara.

"Kumbe na wewe unachagua," alisema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena kama Beverlyne amefutwa, maana Teresa alijibu kabla ya kuulizwa. Ufuoni, barakoa ikiwa chini ya kidevu, alisema, "Binti yangu anawachagulia madaktari."

"Anawachagulia nini, omena ya Wazungu?"

"Karatasi za korona."

"Karatasi inaponya nani?"

Hilo lilimkera. Kesho yake alisema, "Anachagua karatasi za dawa." Na kesho kutwa neno karatasi lilikuwa limeanguka njiani. "Binti yangu anachagua dawa." Nilimsikia. Haikunisumbua. Nami nilipenda jinsi watu walivyoanza kunisalimia.

Mvua ndefu ilikuwa imekwisha Joash alipoanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni ile lami anayozibia mashua, moshi wake. Halafu akaanza kukaa chini njiani kutoka choo hadi nyumba. Mwanawe Omondi alitaka kumpeleka hospitali, lakini Joash alikataa. Siku zile watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa. Walisema ukiingia hutoki, na ukitoka unatoka ndani ya mfuko, unafukiwa bila hata dada yako kukulilia. Joash alisema afadhali afe akiangalia ziwa.

Truphena akaja kwetu. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, kwenye pengo la michongoma, leso amejifunga mdomoni.

"Nyar Kochia!"

"Nyar Kadem! Mbona unasimama huko kama mdai?"

"Sitaki kuwaletea. Muulize mtoto. Huko kwenye mashine kuna nini? Mwanaume wangu anaisha."

Teresa akaenda upande wa zizi. Mimi nilikuwa nasuka kamba ya ndama, karibu, nilisikia yote.

"Bevy, leo unachagua nini?"

"Ile dawa ya zamani ya malaria, Mama. Ile iliyokuwa inawasha mwili. Swali ni kama inasaidia wagonjwa wa korona."

"Hiyo hapo umeipa ngapi?"

"Mbili."

"Na iliyotangulia?"

"Mbili pia. Mama, niache nimalize, zinatakiwa leo."

Macho ya Beverlyne yalikuwa mekundu kwa kusoma. Hakugeuza kichwa. Teresa hakungoja. Alikwenda uani akitembea kwa haraka, na umri ule alikuwa hatembei hivyo.

"Ni ile ya malaria, ile chungu ya zamani," alimwambia Truphena. "Imepewa mbili. Karatasi mbili, zote mbili zimepewa mbili. Hakuna fungu la juu ya hilo."

Truphena alishika miiba ya michongoma kwa mkono mtupu. "Nyasaye akubariki," alisema. "Wewe na huyo mtoto."

Dawa ile haikuwa ya kawaida tena madukani, lakini wachuuzi wenye mikoba hawakosi kitu. Truphena aliipata siku ya soko. Joash alimeza. Alikuwa mtu wa zamani, aliyezoea kwamba ugonjwa mkubwa unataka dawa nyingi. Alimeza nyingi. Jioni alitapika, akasema haoni vizuri, moyo unaruka kifuani. Omondi hakuuliza tena mtu. Alikodi gari wakampeleka Homa Bay.

Joash hakurudi akiwa hai.

Habari ilitufikia Teresa akiwa kwenye nyavu. Aliendelea kuchagua kwa muda, mkono peke yake. Halafu akasimama na omena imemganda kwenye leso, akaenda kwa Beverlyne.

"Zile karatasi za dawa ya malaria. Zilisema nini?"

"Zipi, Mama?"

"Ulizozipa mbili."

"Zilisema haisaidii. Na kwamba inaweza kusumbua moyo."

"Na ukazipa mbili."

"Ndiyo, kwa sababu zinajibu swali. Swali ni kama inasaidia, karatasi inasema hapana. Hilo ni jibu zuri kabisa, Mama, daktari anatakiwa alione mapema ili asi..."

Akaona uso wa mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya ng'ombe na sikujua niweke wapi mikono.

"Mama, ulimwambia nani?"

Teresa alibandua omena moja kwenye leso yake.

"Mama."

"Mbili ndiyo fungu la kwanza," Teresa alisema polepole. "Fungu la kwanza linaliwa."

Beverlyne akafunga kompyuta. Akaanza kulia kama mtoto, kamasi na yote. "Ni mimi niliyesema omena. Ni mimi niliyekupa mfano huo."

"Nyamaza. Ya kuchagua ulisema wewe. Ya kula nilisema mimi."

Kwa desturi, mtu akifa kwa rafiki kama Truphena, Teresa angekuwa pale tangu kilio cha kwanza. Angelala huko. Angepika, angeosha vyombo, angefukuza mbwa. Wakati ule serikali ilikuwa imesema watu wachache tu, na mazishi ya haraka. Hata hivyo alivaa. Alijaza gorogoro, mkebe wa kupimia, omena ya fungu la kwanza, iliyofurika, akafunika kwa kitambaa. Nikamsindikiza.

Langoni alisimama Walter, mdogo wake Joash, mtu wa kwaya, mwenye sauti nene. Barakoa yake ilikuwa mpya.

"Watu wamejaa, Nyar Kochia."

"Nitakaa nje ya nyumba. Nimpe tu mkono."

"Mkono wako umeshatupa."

Ndani tulimwona Truphena mgongo tu. Alikuwa amesikia. Hakugeuka.

Tulirudi. Njiani tulipokutana na mtu tulisalimu chini chini kama watu waliokamatwa na mali ya wizi. Nyumbani Teresa aliinamisha ile gorogoro akawamwagia kuku. Fungu la kwanza. Kuku walikimbilia wakala, yeye amesimama anaangalia.

Baada ya mazishi Walter alikuja kwetu na wanaume wawili wa ukoo. Nilikuwa kwenye kigoda mlangoni. Sikusalimiwa.

"Yuko wapi daktari wa kompyuta?"

Beverlyne alikuwa zizini. Alisimama. Nilimwona amekuwa mdogo, miaka yake yote imemtoka. Kabla hajapiga hatua, mama yake akatoka jikoni na unga mikononi.

"Ni mimi," Teresa alisema.

"Wewe nini?"

"Daktari unayemtafuta."

Mmoja wa wale wanaume akacheka puani. "Mama, wewe hata jina lako hujui kuandika."

"Sijui. Ndiyo maana. Mtoto alisoma kwamba dawa ile haisaidii. Mimi nilimwuliza namba, sikumwuliza maneno. Nikachukua namba nikampelekea Truphena. Mtoto hakujua."

Walter alikuwa amejiandaa kugombana na msomi. Niliona anatafuta pa kuanzia na hapapati. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo ndugu yangu ameuawa na mchagua omena."

Wanaume wale waliinamisha vichwa, hata yule aliyecheka. Mimi nilisimama. Nikavua kofia, nikabaki nimeishika kifuani mbele ya mtu niliyemzidi umri mbali sana. Walter aliangalia ile kofia. Akageuka, wakaenda.

Baadaye Omondi alituambia alichosema daktari. Mapafu yalikuwa yameshaharibika Joash alipofika. Dawa nayo ilisumbua moyo. Daktari hakuweza kusema kipi kilitangulia.

Nilimpelekea Teresa maneno hayo kama mtu anayeleta zawadi. "Nyar Kochia, umesikia? Huenda ni ugonjwa."

"Huenda," alisema. "Na huenda si ugonjwa. Hapo nitachagua vipi?"

Sikumletea tena.

Kulikuwa na jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Yeye alilifikiria, maana alijua mdomo wake. Si Truphena peke yake aliyekuwa ameambiwa. Siku ya soko iliyofuata alivaa nguo yake ya kanisani akaenda Sori bila omena. Nilimfuata nyuma kidogo. Alianza na wa kwanza, muuza mboga.

"Yawa! Daktari amefika! Leo una dawa gani, ya mume mlevi?"

"Ile ya malaria niliyokwambia. Nilisema imepewa mbili. Mbili maana yake si ya kumeza. Imeandikwa haisaidii, inaumiza moyo. Nilisema vibaya."

"Sikusikii, toa hiyo barakoa."

Akaishusha akarudia, kwa sauti, meza zote zikasikia. Mtu angedhani basi, wote wamesikia. Lakini alikwenda kwenye meza ya pili akaanza upya. Na ya tatu. Wengine walicheka. Mmoja alisema, "Umemmaliza Joash sasa unatuhurumia sisi?" Teresa alimjibu, "Ndiyo," akaendelea kumwambia yaleyale mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya kusaga nikiomba achoke turudi nyumbani. Jasho lilinitoka kama ni mimi ninayesema.

Alipofika kwa Pamela, muuza nguo za mitumba, Pamela hakucheka. Alifungua fundo la leso akatoa pakiti ndogo ya dawa, akamwekea Teresa kiganjani. Alikuwa amemnunulia mama yake.

"Hajaanza?" Teresa aliuliza.

"Nilikuwa nampa leo."

Nilidhani hilo litamrudishia uso. Halikumrudishia. Alifinya ile pakiti njia nzima hadi nyumbani, akaitupa chooni, akanawa mikono hadi vidole vikakunjamana. "Wangekuwa wawili," alisema.

Beverlyne alitaka kuacha kazi ile. Alisema kila akiona neno dawa, macho yanakataa. Mama yake alimwambia amalize. "Madaktari wanangoja. Lakini mtu akija uani kukuuliza, usimpe namba. Mwambie kilichoandikwa, kama ni ndiyo, kama ni hapana, kama hawajui."

Na watu walikuja, hilo ni la ajabu. Walisimama kwenye pengo la michongoma wakauliza habari za kujifukiza, za malimau, za barakoa ya kitambaa. Beverlyne aliwajibu kwa maneno mengi, wakati mwingine wakaondoka wamechoka. Teresa akiwaona wanakuja aliingia ndani. Hakuuliza tena juu ya kompyuta. Kazi ilipokwisha, wale wenye mashine walimwandikia Beverlyne shukrani. Akamsomea mama yake kwa Dholuo, kwamba karatasi alizochagua zimesaidia watu wa mbali kupata majibu haraka. Teresa alisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri," alisema. Akaenda kumfungua ndama.

Chuo kilifunguliwa, Beverlyne akarudi Rongo.

Truphena alihamia upande wa pili wa ufuo. Teresa aliileta nyumbani ile sahani ya maua mekundu, akaitundika kwenye ukuta wa jikoni. Ufuoni hakula tena. Alikuwa anarudi mchana akiwa na njaa ya kutetemeka, anakula jikoni akiwa amesimama. Kila asubuhi alimsalimia Truphena kutoka mbali. "Amosi, Nyar Kadem." Mwaka wa kwanza hakujibiwa. Baadaye alijibiwa kwa kichwa. Baadaye kwa mdomo, salamu tu, kama wanavyosalimiana watu waliokutana dispensari. Kwenye harusi ya Omondi tulialikwa, kwa sababu isingewezekana tusialikwe. Teresa alichangia kuni na maji. Chakula hakugusa, na hakuna aliyemwambia apike. Na Truphena, akipita kwetu kwa shida yoyote, alisimama palepale kwenye pengo. Maji nikimpa alisema ameshiba.

Kuna kitu kimoja Teresa alichokuwa anakingoja, ninyi wajukuu mjue. Alikuwa anangoja Truphena aingie ale. Hakulisema, lakini mtu akipita uani aliinua kichwa kabla yangu.

Kuchagua aliendelea. Aliongeza jambo moja: kabla ya kumpimia mteja, alichukua omena moja kutoka fungu la kwanza, akaitafuna mbichi mbele yake. Wateja walizoea. Mimi nilimcheka mara ya kwanza. Hakucheka, nikaacha.

Alikufa mwaka jana, wakati wa kiangazi. Ni ugonjwa wa sukari. Mguu ulianza, ukafuata mwili. Siku za mwisho alikuwa ananiita Joash, halafu anashtuka, anaomba radhi.

Nilipokuwa nikimngoja atoke mochari, jambo moja lilinitafuna kuliko kilio. Niliogopa watu hawatakuja. Niliogopa hema kubwa lenye viti vitupu. Nilimwambia Beverlyne akodi hema dogo. Alinitazama, akakodi kubwa.

Walikuja. Pamela alikuja na mama yake, ameshikwa mkono, mzee kuliko sisi sote. Walter alikuja na kwaya, akaimba bila kunitazama. Tulimzika kushoto kwa nyumba yake.

Chakula kilipoanza kugawiwa nilimwona Truphena. Hakuwa chini ya hema. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na pengo la michongoma, fimbo magotini, lakini kiti kilikuwa upande wa ndani. Beverlyne alimpelekea ugali na nyama. Niliona mchuzi unamwagika njiani.

Truphena aliiangalia sahani. Nikaangalia ardhi.

"Boma hii haina omena?" Truphena aliuliza.

"Ipo, Min Omondi, mama yetu," Beverlyne alisema. "Ni ile aliyoichagua mwenyewe kabla hajalala kitandani. Hatukutaka kuigusa."

"Fungu gani?"

"La kwanza."

"Ipike. Na usinipe hizi sahani za kukodi. Ile ya bati mliiuza?"

Alipikiwa. Aliletewa ile ya maua mekundu, ugali upande huu, samaki upande huu. Alinawa, akala. Alikula ugali kwanza, polepole, bila kuongea hata neno moja, yeye aliyekuwa anakula akiongea. Alikula nusu ya ugali na nusu ya samaki, akasukuma sahani mbele.

"Min Omondi, umeshiba?" Beverlyne aliuliza.

"Hiyo nyingine si yangu," alisema. Halafu akaniita kwa fimbo. "Jaduong'. Njoo. Sahani hii haiwezi kurudi ndani na chakula."

Nilikwenda. Nilikaa chini, palepale kwenye majani, mbele ya watu, mzee mzima. Sikuweza kumwangalia usoni. Nilikula nikiwa nimeinama, nikaanza na samaki.